Talaka ya Mke wa Jogoo

"Nani ameshona bawa la kushoto?"

Sauti ya Tam Tingfai ilijaa kibanda kizima. Wanawake waliokaa chini kuzunguka mbawa za ndege wakainamisha vichwa, kila mmoja akijifanya anatunga uzi.

"Mimi," akasema Yukwan.

"Simama. Njoo hapa. Unaona nini?"

"Naona hariri."

"Na mshono?"

"Mshono siuoni."

"Hata mimi siuoni!" Tingfai akapiga kofi hewani kwa furaha. "Nimekaa Amerika miaka yote ile, nimeona ndege zilizoshonwa na mafundi wa matanga, watu wazima wenye ndevu. Mshono kama huu sijauona. Haya, nyie wengine mnajifunza nini kwake?"

"Tunajifunza kusubiri kusifiwa, Bwana Tam," akajibu Ngan, fundi mkubwa kuliko wote pale, mjane mwenye ulimi mwepesi. "Maana bawa la kulia tumeshona sisi na wala hujauliza."

Kibanda kikaangua kicheko. Tingfai naye akacheka, akajikuna kisogo alipokuwa na mkia wa nywele kabla hajaukata. Ulikuwa mwaka ule mfalme alipoondoshwa. Mjini Guangzhou kila mwanamume alikuwa na kisogo kipya na kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya jamhuri. Wakuu wapya wa jimbo walikuwa wamempa Tingfai kiwanja katikati ya mashamba ya mpunga, nje ya mji, wakamwambia: turushie ndege iliyoundwa na mikono ya Wachina, watu waone.

Yukwan akarudi kukaa. Akachoma sindano isiyo na uzi, na sababu yake haikuwa sifa. Yule mwanamume aliyemsifia mshono alikuwa mumewe wa ndoa, na mwenyewe alikuwa hajui.

Jioni ile Tingfai alimkuta kwenye pipa la maji, ananawa gundi vidoleni.

"Yukwan, nina neno."

"Sema, Bwana Tam."

"Hilo la Bwana Tam liache kibandani. Nataka kukuoa."

Yukwan akaendelea kunawa. Maji yalikuwa yanamchuruzika hadi kwenye viwiko.

"Hutasema kitu?"

"Watu wanasema una mke kijijini kwenu Hoiping."

Uso wa Tingfai ukabadilika. "Mke! Nikuambie kisa cha huyo mke? Mimi niko Amerika, napaka grisi kwenye injini za watu, mama yangu kijijini anaona wenzake wanapata wakwe na yeye hana. Akatafuta binti wa ukoo wa Lei, akamvisha nyekundu. Bwana harusi hayupo, sasa afanyeje? Akakamatwa jogoo, akafungwa utepe, binti akasujudu naye mbele ya mababu. Ndiyo ndoa yangu hiyo! Niliambiwa baadaye, kama mtu anavyoambiwa mvua ilinyesha kwao."

"Mila ya kwenu ndiyo hiyo."

"Nasikia jogoo mwenyewe alinya kwenye mkeka wa harusi."

"Jogoo angalau alihudhuria," akasema Yukwan.

Tingfai akamtazama, kisha akacheka mpaka akashika pipa. "Ona sasa! Mwanamke mwenye jibu kama hilo ndiye ninayemtaka. Nilichagua injini yangu mwenyewe, mbao zangu mwenyewe. Mke nichaguliwe na kuku?"

"Umewahi kumwona?"

"Hata jina lake silijui. Nimerudi nchini, sijakanyaga kijijini kwa ajili hiyo hiyo. Kesho kutwa naenda kwenye ukumbi wa ukoo wetu hapa mjini, kwa Mzee Tam Hoi. Nitatamka mbele ya mababu kwamba nimemwacha. Nikisharuka, mwezi huu huu nakuoa. Na kwenye mkeka wa harusi nitasimama kwa miguu yangu miwili."

Hapo ndipo Yukwan angesema. Ulimi ulikuwa mdomoni na meno yote yapo. Lakini alikumbuka siku ile ya harusi, shangazi zake Tingfai wakicheka nyuma ya viganja. Akakumbuka na miaka aliyomsugua mgongo mama mkwe, akiitwa "mke wa jogoo" kila anapokwenda kisimani. Mwanamume huyu sasa alikuwa anamtaka yeye, kwa akili yake timamu, bila kulazimishwa na mtu. Moyo wake ulitaka kusikia hilo hadi mwisho.

"Nenda basi," akasema. "Ukirudi nitakujibu."

*

"Una wazimu?" Ngan aliuliza.

Walikuwa wanapika gundi kwenye sufuria kubwa nyuma ya kibanda. Ngan peke yake ndiye aliyejua. Yukwan alimwambia tangu wiki ya kwanza kwamba mama mkwe alimtuma mjini na neno moja, "Usirudi bila mwanangu." Alipofika kiwanjani aliomba kazi kwa jina la ukoo wa mama yake, ili kwanza amwone huyo mume ni mtu wa namna gani.

"Anamwacha binti wa Lei," akasema Yukwan. "Binti wa Lei si ndiye waliyemwoza jogoo? Acha amwache. Yukwan ataolewa na mtu."

"Mdogo wangu, binti wa Lei na Yukwan wana shingo moja! Ukumbi wa ukoo si jukwaa la maigizo. Jina lako likishatolewa pale, huna kwenu. Baba yako hatakupokea. Ukifa leo hakuna wa kukuchomea ubani."

"Kwa siku ngapi, dada? Anaruka, ananioa, wananiandika upya."

"Na kama hakuoi?"

"Umemwona anavyonitazama."

"Nimemwona. Hata marehemu mume wangu alinitazama hivyo hivyo, na ugonjwa wa tumbo bado ukamuua." Ngan akakoroga gundi kwa hasira. "Mwambie leo. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Nikimwambia leo ataona aibu, atakasirika, atakwenda kugombana na mama yake. Siku ya kuruka iko mlangoni. Nani anataka mtu aende juu na kichwa kilichovurugika? Akishuka nitamwambia. Naapa, akigusa chini tu."

"Akigusa chini," Ngan akarudia, akatema mate pembeni kufukuza mkosi.

Ngan alikuwa sahihi na sote tunajua. Lakini nani amewahi kumshauri mtu aliyependwa kwa mara ya kwanza akasikilizwa?

*

Tingfai alirudi kutoka ukumbini akitembea kama aliyetua gunia la mchele.

"Nimemaliza!" alimwambia Yukwan mlangoni mwa kibanda. "Nimepiga magoti, nimetamka, Mzee Hoi amenisikia. Ameagiza kijijini wamtoe binti wa Lei kwenye majina ya ukoo. Mimi sina mke."

Yukwan akashika mwimo wa mlango. Alikuwa amedhani atafurahi.

"Mbona umebadilika rangi?"

"Njaa tu."

"Basi nijibu ukale. Utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa na wewe," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Wanawake wakapiga vigelegele vya kwao, wengine wakagonga mikasi kwenye vyungu. Tingfai alidhani ni machozi ya furaha, na nusu yake yalikuwa ya furaha kweli.

Siku mbili baadaye telegramu ikafika kiwanjani kwa jina la Tingfai. Mama yake hakujua kuandika. Maneno alikuwa amempa karani:

MWANANGU UMEFANYA NINI. USIRUKE MPAKA NIFIKE. NINAKUJA KWA BOTI. MAMA.

Tingfai akaisoma kwa sauti, akaikunja.

"Anakuja kunililia," akamwambia Yukwan. "Mwache aje. Atakuta nimeruka, atakuta na mkwe mpya. Atanyamaza."

"Msubiri, Tingfai. Ni mama yako."

"Wakuu wameshaalikwa. Niwaambie nini, nimekatazwa na mama?"

"Waambie upepo."

"Upepo uko kimya kabisa! Yukwan, unaogopa?"

"Naogopa."

"Usiogope. Bawa umelishona wewe."

*

Siku yenyewe watu walifurika hadi wakakanyaga mipunga. Wauza miwa walikuwepo, wauza uji walikuwepo, wanajeshi kwenye mstari, wakuu wakiwa wamevaa kofia za kizungu zilizowabana. Ah Gau, fundi wa injini, akaizungusha rafadha, lile panga la mbele, kwa mikono miwili. Injini ikakohoa, ikanguruma. Tingfai akageuka, akamtafuta Yukwan kwa macho katikati ya wanawake wa kibandani, akamwinulia mkono.

Ndege ikakimbia, ikaruka kidogo, ikagusa chini, ikaruka tena. Safari hii haikugusa. Umati ukapiga yowe moja, na wazee wengine wakapiga magoti bila kujua wanamsujudia nani.

"Amepanda!" Ngan alikuwa anamtikisa Yukwan bega. "Mumeo yuko juu ya miti!"

"Tingfai! Tingfai yuko wapi?"

Sauti hiyo Yukwan aliijua kabla hajageuka. Mama Tam alikuwa anapenya kwenye umati kwa miguu yake midogo iliyofungwa tangu utotoni, akiegemea mwavuli, jasho linamtiririka. Alipomwona Yukwan akasimama.

"Wewe! Uko hai?"

"Mama." Yukwan akapiga goti.

"Inuka, usinipigie goti. Mimi nimelia njia nzima nikifikiri umejitupa mtoni. Mwanangu amekuacha, wanakijiji wananicheka, wazee wamekuja na kisu wamekwangua jina lako kwenye ubao wa majina ya ukoo mbele ya macho yangu. Na wewe umesimama hapa unatabasamu?"

"Mama, hajui kama ni mimi."

"Hajui nini?"

"Hajui kama mimi ndiye binti wa Lei. Ananijua kwa jina la Yukwan tu. Amemwacha binti wa Lei ili amwoe Yukwan."

Mama Tam akauchomeka mwavuli ardhini. Akatazama juu, mahali mwanawe alipokuwa anageuza ndege taratibu juu ya mashamba, kisha akamtazama mkwe wake.

"Amemwacha mkewe," akasema polepole, "ili amwoe mkewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulikuwa unajua? Ukanyamaza?"

"Nilitaka anichague mwenyewe."

Yule mama akaanza kucheka. Alicheka huku analia, akimpiga Yukwan begani kwa ngumi ndogo. "Wajinga! Nimezaa mjinga, nikamwoza mjinga! Ashuke huyo, ashuke nimvute sikio mbele ya wakuu wake! Leo leo tunakwenda kwa Mzee Hoi, na neno hilo atalifuta..."

Mlio wa injini ukakatika.

Umati ulikuwa bado unashangilia, wengi hawakuelewa. Ah Gau ndiye aliyeelewa. Alitupa kofia chini akaanza kukimbia. Ndege ikainamisha pua, ikajaribu kunyanyuka, ikaegemea ubavu, ikashuka nyuma ya mianzi. Walisikia mbao zikivunjika.

Yukwan alikimbia. Viatu vilibaki kwenye tope la mpunga naye hakuvirudia.

*

Hospitalini daktari alisema maneno mengi na Ngan akaelewa moja tu, kwamba kifua kimejaa damu. Tingfai alikuwa na akili zake. Alipomwona mama yake akajaribu kucheka.

"Mama, umekuja kugombana?"

"Nimekuja kukuona ukiruka, mwanangu."

"Umeniona?"

"Nimekuona. Ulikuwa juu ya miti."

"Basi mtazame mkwe wako. Huyu hapa. Yukwan, msalimie mama."

Mama Tam akamsukuma Yukwan mbele. "Mwambie," akasema. "Mwambie upesi."

Yukwan akainama hadi uso wake ukakaribia wa Tingfai. Alikuwa amejiandalia maneno mengi ya siku hiyo, ya utani, ya kumlipizia kile kisa cha mkeka. Yote yalikuwa yamepotea.

"Tingfai, mimi ni binti wa Lei."

"Nani?"

"Wa Hoiping. Niliyesujudu na jogoo. Ndiye mimi."

Tingfai akamtazama usoni. 

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa hiyo nilikuwa na mke," akasema. "Siku zote."

"Siku zote."

"Nilipokuwa nalala kwenye karakana ya watu, Krismasi zao, mwaka mpya wetu, nalia peke yangu... kulikuwa na mtu nyumbani?"

"Nilikuwa nakuwekea bakuli mezani kila mwaka mpya. Mama shahidi."

"Na mimi nimekutupa." Mkono wake ukatafuta wa Yukwan juu ya shuka. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakusubiri ushuke. Nisamehe. Nisamehe, Tingfai, nilikuwa nakusubiri ushuke tu."

"Mwiteni Mzee Hoi," akasema. "Upesi. Nilifute neno langu. Mama, Ngan, mnanisikia? Sijamwacha. Huyu ni mke wangu."

"Tumesikia," wakasema wote wawili.

Ah Gau alikimbia hadi mjini kumleta mzee. Guangzhou ile na vichochoro vyake, na siku ile barabara zote zilikuwa zimejaa watu wanaotoka kiwanjani wakisimuliana. Mzee Hoi alipoingia akihema, Mama Tam alikuwa ameshamfumba mwanawe macho.

"Amelifuta neno lake," akasema Yukwan. "Mzee, amelifuta. Walikuwepo."

Mzee Hoi hakuwa mtu mbaya. Aliinamisha kichwa, akatikisa ndevu. "Binti, nakusikia. Lakini neno lilitamkwa mbele ya mababu, na linafutwa mbele ya mababu, kwa mdomo ule ule. Mdomo umeshafunga."

"Mama yake alisikia! Ngan alisikia!"

"Wanawake hawatoi ushahidi ukumbini. Sikuiweka mimi sheria hiyo."

"Basi mimi ni nani?" Yukwan akauliza. "Niambie, mzee. Mimi ni nani kwake?"

 Mzee akaomba wampishe, akatoka.

*

Walimrudisha Tingfai Hoiping kwa boti, kwenye kijiji alichokataa kukikanyaga. Siku ya mazishi kijiji kizima kilitoka. Wakuu walituma mashada na kitambaa chenye maneno makubwa ya sifa. Wapiga zumari walikaa tayari. Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho kila mtu alikiona. Nyuma ya jeneza, mahali pa mke na watoto, hapakuwa na mtu aliyevaa nguo ya msiba ya katani. Palikuwa patupu.

Yukwan alisimama mbali, karibu na ukuta, pamoja na Ngan na wanawake wa kibandani waliopanda boti kuja kumzika bwana wao. Alikuwa na nguo yake ya kawaida ya buluu. Wazee walimwambia kwa upole: unaweza kutazama, binti, lakini kutembea nyuma yake huwezi.

"Nyanyueni," msimamizi wa mazishi akaamuru, na wabebaji wakaweka mabega.

"Shusheni!"

Mlango wa nyumba ya Tam ulikuwa umefunguka. Mama Tam alikuwa ametoka, na watu wakashtuka, maana kwao mzazi hamsindikizi mwanawe kaburini. Hukaa ndani, hulilia gizani. Alikuwa amekumbatia bunda jeupe kifuani.

"Mama Tam, rudi ndani," msimamizi wa mazishi akasema. "Mzazi hafuati jeneza la mwanawe."

"Sikumfuata mwanangu. Nimemfuata mkwe wangu."

Akatembea kwa vile vimiguu vyake mpaka ukutani, watu wakimpisha. Akalikunjua lile bunda. Lilikuwa joho la katani mbichi, la kofia ndefu, lile ambalo mkwe huvaa akimzika mama mkwe.

"Hii niliishona mwenyewe uivae siku ya kunizika mimi," akamwambia Yukwan. "Vaa leo."

"Mama, wamenikataza."

"Nani?"

"Na siku yako je, Mama?"

"Siku yangu itajijua. Inua mikono."

Mzee Hoi, aliyelisindikiza jeneza kutoka mjini, akasogea, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Mama Tam, mila..."

"Mila!" Mama Tam akageuka. "Siku nilipomwoza binti wa watu kwa jogoo mlikuwepo wote. Mlikula nguruwe wangu, mkanywa pombe yangu, mkaniambia nimeheshimu mila. Hakuna hata mmoja aliyekohoa. Ubaya ni wangu, nimeuzaa mimi, na leo nazika matunda yake. Anayetaka kumvua msichana huyu nguo hii aje anivue na mimi ya kwangu hapa hapa!"

 Mtoto mmoja akalia, mama yake akamziba mdomo. Mzee Hoi akarudi nyuma hatua moja, na wazee wengine wakamfuata kurudi nyuma.

Mama Tam akamvisha Yukwan joho, akamfunga kamba kiunoni kwa mikono yake, akaivuta kofia hadi machoni. Kisha akamsukuma mgongoni.

"Nenda. Mimi sifiki kaburini, nitavunja miko mingi mno kwa siku moja. Nenda umlilie mumeo. Lia kwa sauti, wasikie."

Zumari zikaanza. Jeneza likanyanyuliwa. Yukwan akaingia mahali palipokuwa patupu, akaanza kutembea. Hapo akakumbuka kwamba tangu asujudu na jogoo mpaka siku alipokufa alikuwa hajawahi kumwita kwa neno lenyewe. Alimwita Bwana Tam, kisha Tingfai, basi.

Akafungua kinywa mbele ya kijiji chote.

"Mume wangu!" akalia. "Mume wangu! Mume wangu!"

Na alilia hivyo mpaka makaburini, na hakuna aliyemnyamazisha.